Walinifunga kitandani hadi mchana wa pili. Ndivyo sheria inavyosema?

Shikamoo Shangazi,

Nasoma majibu yako kwa wengine siku zote, leo nimejikaza niandike la kwangu. Naomba jina langu lisitoke.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nina ugonjwa wa bipola. Ukinipanda, usingizi unakata, maneno yanakimbia kuliko ulimi, pesa inatumika hovyo. Safari hii niliziona dalili mapema, nikamwambia kaka yangu anipeleke hospitali kabla mambo hayajaharibika. Niliingia mapokezi kwa miguu yangu. Nikaulizwa maswali nikajibu, nikasaini fomu, kaka naye akasaini yake.

Usiku wa pili muuguzi alikuja kukusanya simu. Nilikuwa naongea na rafiki yangu, nikagoma, tukavutana. Nilipaza sauti, nikamtukana, hilo silikatai, na nikarusha kikombe cha plastiki ukutani. Hakikumpata mtu. Wakaja wahudumu watatu wanaume, wakamwita na mgonjwa mmoja mwenye nguvu awasaidie kunishika miguu. Nililazwa kifudifudi sakafuni, goti la mtu likiwa mgongoni, pumzi hazishuki. Nikachomwa sindano. Nikafungwa mikono na miguu kitandani, wenzangu wodini wananitazama, kisha kitanda kikasukumwa hadi chumba cha mwisho na mlango ukafungwa kwa nje. Ilikuwa haijafika saa nne usiku.

Nilizinduka alfajiri nikiwa vilevile. Niliomba choo. Niliita sana. Aliyechungulia kidirishani alisema nisubiri daktari. Shangazi, nilijikojolea na nikaachwa hivyo. Daktari alipita saa tatu asubuhi, akasimama mlangoni. Nilimwambia kwa upole kabisa kwamba nimetulia, naomba nifunguliwe. Akasema "tutaona." Mikanda ilitolewa saa nane mchana. Mlango ulifunguliwa jioni zamu zilipobadilishana. Kaka alikuja adhuhuri kunitazama, akaambiwa nimelala, arudi kesho.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza sista wa zamu kwa nini nilifanyiwa vile. Alinijibu bila hata kuinua macho: "Ukishaingia wodi ya akili, sheria inaturuhusu kukufunga. Na kaka yako alisaini."

Kaka anataka yaishe. Anasema walikuwa wananilinda, na kwamba hali niliyokuwa nayo ningeweza kumuumiza mtu. Kuna siku namwamini. Lakini kidole gumba cha kulia bado kina ganzi kwa mgongoni, na nikisikia kitasa kinafungwa moyo unakwenda mbio. Kliniki nimeacha kwenda. Dawa namtuma mtu anichukulie. Na juzi usingizi ulipoanza kukata tena sikumwambia mtu, maana nikisema watanirudisha kulekule.

Maswali yangu: ni kweli sheria inawaruhusu? Saini ya kaka ndiyo iliyonifunga? Na nikilalamika, nani atamsikiliza mtu mwenye faili la wodi ya akili? Hawatanilipizia siku nikilazwa tena?

Aliyefungwa


Marahaba mwanangu,

Sista alikudanganya, au naye alidanganywa na waliomtangulia. Kulazwa wodi ya akili hakumpi mtu kibali cha jumla cha kukufunga. Naandika haya nikiwa niliyefanya kazi ya uuguzi kwenye wodi hizo mpaka kustaafu, kwa hiyo mkanda naujua kwa upande wa anayeukaza. Wakili si mimi, na sheria za nchi hazifanani. Ila kuna mambo ambayo nchi nyingi zimeyapokea kutoka chanzo kimoja, na hayo ndiyo nitakayokupa.

Kabla ya sheria, kidole. Ganzi ya mgongo wa kidole gumba baada ya kufungwa kifundo cha mkono ni jambo linalojulikana: kuna mshipa wa fahamu unaopita juujuu pale, karibu na ngozi, na mkanda uliokazwa sana huubana. Mara nyingi hurudi wenyewe, lakini unachukua muda. Nenda zahanati au hospitali yoyote, si lazima ile, umweleze daktari ulifungwa lini na kwa muda gani, na umwombe aandike anachokiona. Kama makovu bado yapo, piga picha. Na huo usingizi unaokata, mwambie. Usisubiri tumalize mambo ya haki ndipo ujitibu. Kama daktari yule humtaki tena, unaweza kuomba mwingine au kliniki nyingine, na huhitaji kueleza sana.

Sasa sheria. Desemba 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha, kwa azimio namba 46/119, kanuni za kuwalinda watu wenye ugonjwa wa akili. Si mkataba wa kuibana nchi moja kwa moja, lakini walioandika sheria za afya ya akili baada ya hapo wengi waliifungua karatasi hiyo. Kanuni ya 11 inasema kumfunga mgonjwa au kumtenga kwa nguvu kunaruhusiwa pale tu ambapo hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuzuia madhara yaliyo mlangoni, kwa mgonjwa mwenyewe au kwa wengine. Na kusizidi muda unaohitajika kwa kazi hiyo. Na kila tukio liandikwe kwenye faili: sababu, namna na muda. Na aliyefungwa awe katika hali ya utu, chini ya uangalizi wa karibu wa wafanyakazi wenye ujuzi. Na kama ana mwakilishi wake, huyo aarifiwe haraka.

Sasa weka kisa chako hapo. Sitaki kukupendezesha, kwa hiyo nianze na upande wao. Dakika zile za kwanza, sauti juu, kikombe hewani, mtu akivutana na muuguzi, wanaweza kuzitetea. Wakili wao atasema zamu ya usiku ina watu wachache, wagonjwa wengine waliogopa, hakukuwa na muda wa kufikiri. Mimi nitamuuliza kwa nini ugomvi wa simu haukumalizwa kwa maneno, maana kanuni hizohizo za 1991, kifungu cha 13, zinampa mgonjwa haki ya kuwasiliana na watu wa nje, simu ikiwamo, na muuguzi mzoefu angekupa dakika kumi umalizie mazungumzo kisha akarudi. Lakini hapo tutabishana, na huenda asishindwe.

Saa nane za usiku je? Umeshachomwa sindano, umelala fofofo. Mtu aliyelala anamhatarisha nani? Alfajiri je, unapoomba choo? Saa tatu asubuhi, unapoongea na daktari kwa upole? Hapo ndipo kesi yako ilipo. Watu wakiulizana kuhusu kufungwa huuliza "alifanya nini?" na jibu hutosha kufunga mjadala: alirusha kikombe. Swali la kisheria halikomi hapo. Linauliza ni hatari gani ilikuwepo saa ile ambayo bado umefungwa, na lile jibu la usiku haliwezi kutumika tena asubuhi. Ruhusa ya kufunga si kama cheti cha dawa, kwamba ukishaandikiwa unaendelea mpaka dozi iishe. Hatari ikiisha, ruhusa imekufa, hata kama mkanda bado uko mkononi.

Hili si wazo langu la kukaa kivulini. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua Septemba 2020 kesi ya Aggerholm dhidi ya Denmark. Mgonjwa alikuwa amefungwa kitandani karibu saa 23. Mahakama haikusema kumfunga mwanzoni kulikuwa kosa. Ilichosema ni kwamba haikuthibitishwa vya kutosha kwamba kuendelea kumfunga kwa muda wote ule kulikuwa lazima, na kwa hiyo Denmark ilikuwa imevunja kifungu cha 3 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kile kinachokataza mateso na utendewaji usio wa kibinadamu. Miaka mitano kabla yake, katika kesi ya mwanamke mmoja dhidi ya Croatia, mahakama hiyohiyo ilikuta saa 15 za kufungwa zimevunja kifungu hicho. Wewe piga hesabu yako mwenyewe kutoka saa nne usiku hadi saa nane mchana.

Nchi zinavyoliweka kwenye saa zinatofautiana. Marekani, kwa hospitali zinazolipwa na mpango wa serikali wa Medicare, amri moja ya kumfunga mtu mzima mwenye vurugu haivuki saa 4, kisha ifanyiwe upya, na mgonjwa lazima afunguliwe mapema kadiri inavyowezekana hata kama saa hizo hazijaisha. Kwa mtoto chini ya miaka 9 ni saa 1. Na amri ya "mfungeni akisumbua", ile ya kuachwa kwenye faili ikisubiri, imepigwa marufuku. Ujerumani walikwenda mbali zaidi: Mahakama ya Katiba ilisema Julai 2018 kwamba kumfunga mtu kitandani viungo vyote kwa zaidi ya takriban nusu saa ni kumnyima uhuru, na kunahitaji amri ya jaji. Kuna kipande cha hukumu hiyo ninachokipenda sana: baada ya kufunguliwa, hospitali inatakiwa imwambie mgonjwa kwamba ana haki ya kwenda mahakamani ili uhalali wa alichofanyiwa uchunguzwe. Linganisha na jibu la sista wako.

Hukumu hizo hazifungi mahakama za kila nchi, usije ukazipeleka kama amri. Lakini wakili wako akizitaja, jaji atazisikiliza.

Faili sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo malalamiko mengi yanaposhinda au kufa. Kanuni ya 19 ya zile za 1991 inakupa haki ya kuona kumbukumbu zako za matibabu. Wanaweza kuficha kipande tu, pale ambapo kukuonyesha kungekudhuru wewe vibaya au kumhatarisha mtu mwingine. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi katika nchi nyingi zinasema hivyohivyo. Andika barua fupi, usiende kuomba kwa mdomo, na usiombe "faili langu" tu, kwa sababu utapewa karatasi mbili za muhtasari. Omba kwa majina: amri ya kufungwa na kutengwa, ikiwa na jina la aliyeitoa na saa, fomu ya uangalizi, maelezo ya wauguzi ya usiku ule na kesho yake, karatasi ya dawa, ionyeshe sindano ile ilikuwa dawa gani, kiasi gani, nani aliagiza, na daftari la matukio ya kufunga na kutenga, ambalo hospitali nyingi huliweka pembeni na faili. Weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Ukishaipata fomu ya uangalizi, itazame kama mtu aliyeijaza. Mgonjwa aliyefungwa anapimwa mapigo, anatazamwa pumzi, rangi ya vidole, kama kidole kinapita kati ya mkanda na ngozi, kama amekunywa maji, kama amekwenda haja. Kila safari muuguzi anaandika saa na anaweka saini. Fomu ya kweli ina fujo: 11:20, 11:34, 11:52, mwandiko wa watu wawili, sehemu moja imekatwa ikaandikwa upya. Fomu iliyojazwa saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kukabidhi zamu ni safi mno: dakika 15, 15, 15, wino mmoja, neno "ametulia" kutoka juu hadi chini. Na hata hiyo ni zawadi kwako. Kama waliandika "ametulia" saa sita usiku, saa nane, saa kumi, basi wameandika kwa mkono wao wenyewe kwamba sababu ya kukufunga haikuwepo. Na kama hakuna fomu kabisa, kutokuwepo kwake ni ukiukaji unaojitegemea.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka, si kwa sababu ni madogo. Kamati ya Ulaya ya Kuzuia Mateso ilitoa mwaka 2017 viwango vilivyorekebishwa kuhusu kufunga wagonjwa wa akili, na karibu kila mstari wa barua yako unagongana navyo. Mgonjwa asisaidie kumshika mgonjwa mwenzake. Asifungwe mbele ya wengine. Afungwe akiwa chali, si kifudifudi. Aliyefungwa kwa mikanda awe na mfanyakazi ndani ya chumba muda wote, na kamera haihesabiki kuwa mtu, wala jicho la kidirishani. Awezeshwe kwenda haja mahali panapofaa. Muda uwe wa dakika kuliko saa. Na kufunga kusiwe adhabu, wala njia ya kuziba pengo la upungufu wa wafanyakazi. Hili la mwisho nalisema nikiwajua wenzangu: zamu ya watu wawili kwa wodi nzima inachosha hadi utu unapungua, lakini mzigo huo ni wa mwajiri, haupaswi kutuliwa kwenye mikono ya mgonjwa.

Kulazwa kifudifudi na goti mgongoni ndiko kunakonitia baridi zaidi. Watu wamekufa hivyo. Uingereza, mwaka 2010, kijana wa miaka 23 aliyeitwa Olaseni Lewis alikwenda hospitali kwa hiari yake kama wewe. Alishikiliwa chini na polisi 11, akapoteza fahamu na akafa siku chache baadaye. Wazazi wake walipigana hadi Bunge likapitisha, mwaka 2018, sheria ya matumizi ya nguvu kwenye wodi za akili, na watu wanaiita Sheria ya Seni. Inaitaka kila hospitali iwe na mtu anayewajibika kwa jambo hilo, iandike kila tukio na iwaambie wagonjwa haki zao. Kwa hiyo ulipokosa pumzi haukuwa unadeka. Kiandike kwenye malalamiko, kwa maneno hayohayo.

Sindano nayo ina kanuni yake. Dawa ni kwa ajili ya kutibu au kuchunguza. Kumpa mtu kama adhabu, au ili wengine wapumzike, kumekatazwa na kanuni ya 10. Ndiyo maana nataka tujue ilikuwa dawa gani.

Saini ya kaka yako. Yeye alisaini kuhusu kulazwa, pengine na gharama, na hata kama kwenye fomu kulikuwa na mstari mdogo unaosema "tutatumia nguvu ikibidi", mstari huo hauhalalishi kitu. Kufunga si tiba ambayo ndugu anaweza kuiridhia kwa niaba yako, ni hatua ya dharura, na dharura ama ipo ama haipo. Wewe ni mtu mzima uliyeingia kwa hiari, na kanuni ya 15 inasema aliyeingia kwa hiari ana haki ya kuondoka wakati wowote isipokuwa masharti ya kumzuia kwa lazima yatimie, na aelezwe haki hiyo. Ulielezwa? Nadhani hata mwenye kukusainisha hakuwa nayo akilini. Walipokufungia mlango ulikuwa umeacha kuwa mgonjwa wa hiari bila mtu kukuambia, na huko kugeuka kimyakimya kunahitaji kuulizwa kwenye barua. Na kaka, ambaye wanamtumia kama kinga, ndiye waliyemgeuza adhuhuri kwa kumwambia umelala. Saini yake waliitambua. Haki yake ya kujua hawakuitambua.

Nikwambie pia kwamba wapo wanaosema mimi na kanuni zangu za 1991 tumepitwa na wakati. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuridhiwa na nchi zaidi ya 180, unasema katika kifungu cha 14 kwamba ulemavu hauwezi kamwe kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru, na kifungu cha 17 kinalinda mwili na akili ya kila mtu kama ilivyo. Mwaka 2013 Juan Méndez, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, alitaka kufunga na kutenga watu wenye ulemavu wa kisaikolojia hospitalini kupigwe marufuku moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani, pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, lilitoa mwongozo Oktoba 2023 ukizitaka nchi ziandike sheria zinazomaliza kulazimisha. Madaktari wengi wa akili hawakubali. Wanauliza usiku wa vurugu utafanywaje. Mimi nadhani vurugu nyingi wodini zinatengenezwa na wodi yenyewe: simu kunyang'anywa, mlango kufungwa, mtu kusubiri jibu saa tatu. Mwaka 1839 John Conolly alipokabidhiwa hospitali ya Hanwell, karibu na London, ikiwa na mamia ya wagonjwa, aliziondoa mikanda na minyororo ikawa basi. Wakati huo dawa za kutuliza tulizonazo leo hazikuwepo. Lakini kwa ajili yako ubishi huu hauna haja ya kuamuliwa. Wanaotaka kufunga kukomeshwe na wanaosema kubaki kwa dharura tu, wote watakwambia ulichofanyiwa baada ya kulala hakikubaliki.

Unauliza nani atamsikiliza mwenye faili la wodi. Kanuni ya 21 inampa kila mgonjwa, aliyetoka na aliye ndani, haki ya kulalamika. Na ndiyo sababu nimekutuma kwenye makaratasi: hawatakuwa wakichagua kati ya neno lako na la daktari, watasoma saa za daktari mwenyewe. Andika sasa, kabla kumbukumbu hazijafifia, kila unachokumbuka kwa mpangilio, na penye giza la sindano sema "hapa sikumbuki". Usijaze. Ukweli kwamba ulitukana na kurusha kikombe uuweke mwenyewe, aya ya kwanza, kabla wao hawajauleta kama siri waliyoigundua. Kisha maswali, si laana: "Saa tatu asubuhi, nilipomwambia daktari nimetulia, ni hatari gani ilifanya niendelee kufungwa hadi saa nane?" Barua yenye maswali ya namna hiyo inamlazimisha mtu kufungua faili. Barua ya hasira inawekwa kwenye faili kama dalili. Si haki, lakini ndivyo nilivyoona barua zikisomwa.

Ipeleke kwa mkuu wa hospitali. Asipojibu kwa muda utakaompa, panda: bodi au wizara inayosimamia huduma za afya ya akili, baraza la wauguzi na la madaktari kwa makosa ya taaluma, tume ya haki za binadamu. Tafuta kituo cha msaada wa kisheria au chama cha watu wanaoishi na magonjwa ya akili. Hawa wa mwisho wanajua njia za mkato kuliko mawakili.

Kulipiziwa ni hofu yenye msingi na sitakwambia haiwezekani. Kinga yake ni kwamba malalamiko yako yawe yanajulikana na watu nje ya wodi ile, na kwamba hulazimiki kurudi hapo. Kinga nyingine ni karatasi. Ukiwa mzima, kaa na daktari mpya mwandike maelekezo yako ya mapema: nikipanda, haya ndiyo yanayonituliza (chumba chenye taa hafifu? kutembea uani? sauti ya nani kwenye simu?), haya yananichochea, dawa hii inanifaa, ile ilinidhuru, ikishindikana yote na lazima nizuiwe, nisilazwe kifudifudi kamwe, awepo mwanamke, na mtu huyu apigiwe simu saa hiyohiyo. Katika baadhi ya nchi maelekezo hayo yana nguvu ya kisheria. Pasipo nguvu hiyo, bado daktari atakayeyapuuza atatakiwa kueleza kwa nini, na nakala iko kwenye faili, kwa kaka na kwenye mkoba wako.

Kaka msomeshe barua hii kama ukipenda. Nadhani anataka yaishe kwa sababu ndiye aliyekupeleka. Mwambie hukumlaumu, kisha umwombe aandike na yeye, kwa mkono wake, alifika saa ngapi adhuhuri ile, aliongea na nani, na aliambiwa nini. Ni shahidi wako pekee ambaye hakuwa amelazwa wala kuajiriwa pale.

Na siku ya kwanza ukionana na mtu wa msaada wa kisheria, muulize jambo moja kabla ya mengine yote: mwisho wa kufungua madai ni lini. Kwa hospitali za serikali muda huo mara nyingi huwa mfupi kuliko wa kesi za kawaida, tena kuna mahali unatakiwa utoe notisi kwanza. Barua ya malalamiko uliyoiandikia hospitali haisimamishi saa hiyo.

Shangazi